Bondia Mrefu Anapobanwa Kifua kwa Kifua

Tarehe 8 Aprili 2023, mjini Carson, California, Sebastian Fundora aliingia raundi ya saba akiwa anaongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu. Haikufika dakika moja akawa chali. Brian Mendoza, aliyezidiwa urefu kwa karibu sentimita 20, alimpiga konde la kushoto la kuzungusha, akafuatisha la kulia, akamalizia na la kushoto tena. Mashabiki wakaulizana: mtu wa sentimita 197, anayepigana kwenye uzani wa super welta usiozidi kilo 69.8, anatafuta nini kifuani kwa mtu mfupi? Kwa nini asikae mbali akarusha jabu, ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, usiku kucha? Na akishakaribiwa, kwa nini asimkumbatie mpinzani mpaka mwamuzi aje kuwatenganisha?

Mwaka uliofuata, tarehe 30 Machi 2024, Fundora huyo huyo alimshinda Tim Tszyu wa Australia mjini Las Vegas kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, akabeba mikanda ya WBC na WBO. Mjadala ukageuka. Wapo waliosema amejifunza, kwa sababu safari hii alichanganya jabu ya mbali na makonde ya karibu. Wengine wakasema kilichoamua pambano ni jeraha la Tszyu, aliyepasuka utosini mwishoni mwa raundi ya pili baada ya kugongana na kiwiko cha Fundora.

Kuna mkanganyiko mwingine unaokwenda sambamba na huo. Watu wanaomlaumu Fundora kwa kutomshika Mendoza ndio mara nyingi wanaomlaumu Wladimir Klitschko, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, kwa kuwashika wapinzani wake kupita kiasi. Mmoja anaambiwa akumbatie, mwingine anaambiwa aache kukumbatia. Ushauri huo hauwezi kuwa sahihi kwa wote wawili kama urefu ndio kigezo pekee. Kinachosahaulika katikati ya kelele ni uzito: nani anamzidi nani kwa kilo wakati vifua vimegusana. Jibu la swali zima linaanzia hapo.

Mwili mrefu katika nafasi finyu

Ngumi hupata nguvu ikipata njia ya kusafiri. Mkono mrefu ukinyimwa nafasi, konde lake hufika kabla halijakomaa, wakati mkono mfupi umeshamaliza safari yake na kurudi kulinda. Hilo ndilo tatizo ambalo kila mtazamaji analiona. Matatizo mawili yaliyobaki huonekana zaidi kwa makocha.

Kiwiliwili cha mtu mrefu ni kirefu pia. Akiinua mikono kulinda kidevu, viwiko vinapanda navyo, na sehemu kati ya kiwiko na nyonga inabaki wazi. Upande wa kulia wa sehemu hiyo kuna ini. Akishusha viwiko kufunika mbavu, taya linabaki bila mlinzi. Bondia mfupi hana tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu vigasha vyake karibu vinatosha kufunika kuanzia kidevu hadi mbavu za chini kwa wakati mmoja.

Kisha kuna miguu. Bondia mrefu aliyezoea kushinda kwa mbali husimama magoti yamenyooka. Akivamiwa, hufanya moja kati ya mambo mawili mabaya. La kwanza ni kuegemea nyuma: uzito unakwenda visiginoni, kidevu kinapanda juu, na hata konde lisilo kali linaweza kumwangusha. La pili ni kukunja kiuno badala ya magoti: kichwa kinatangulia mbele ya miguu na kushuka hadi pale pale ngumi za mfupi zinapopita kila siku. Anayekunja magoti na kutanua hatua hupungua urefu bila kupoteza mhimili wake, lakini kazi hiyo huchosha mapaja, na kwa mtu mwenye miguu mirefu huchosha zaidi.

Historia iliwapa watu picha ya kutisha mapema. Tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, Ohio, Jess Willard mwenye takriban sentimita 199 aliangushwa mara saba katika raundi ya kwanza na Jack Dempsey wa sentimita 185, na hakutoka kwa raundi ya nne. Tangu enzi hizo imani imebaki kwamba jitu likishafikiwa, limekwisha.

Imani hiyo inaacha nusu ya ukweli. Katika ukaribu huo huo mabega ya mrefu yako juu ya mabega ya mfupi, kwa hiyo anaweza kumlalia mwenzake ilhali mwenzake hawezi kumlalia yeye. Tena mtu mfupi huingia akiwa ameinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama ndicho shabaha ya apakati, lile konde la kutoka chini kwenda kidevuni. James "Buster" Douglas, mwenye sentimita 192, alionyesha mambo yote mawili mjini Tokyo tarehe 11 Februari 1990. Mike Tyson, wa sentimita 178, alipopenya, Douglas alimfunga mikono na kumgeuza. Alipomwona amesimama mbele yake katika raundi ya kumi, alimnyanyua kidevu kwa apakati kisha akammaliza kwa mfululizo wa makonde. Raundi mbili kabla ya hapo, apakati ya Tyson ndiyo iliyokuwa imemwangusha Douglas. Ukaribu uliwatumikia wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Wanaosema: toka humo

Msimamo wa kwanza, na ndio wa makocha wengi, ni kwamba bondia mrefu hana biashara ndani. Kinga yake ni kutoka upesi na kurudi kwenye umbali wa jabu. Emanuel Steward, aliyewalea mabondia warefu kuanzia Thomas Hearns katika ukumbi wa Kronk wa Detroit hadi Lennox Lewis na Wladimir Klitschko, alijenga kazi yake juu ya mkono wa mbele ulionyooka na miguu inayolinda umbali huo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mapambano mawili ya Anthony Joshua na Andy Ruiz. Tarehe 1 Juni 2019, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Joshua wa sentimita 198 alimwangusha Ruiz wa sentimita 188 katika raundi ya tatu, kisha akamfuata kumaliza kazi. Wakabadilishana makonde, konde la kushoto la Ruiz likampata Joshua karibu na sikio, na ndani ya raundi hiyo hiyo Joshua akaenda chini mara mbili. Raundi ya saba akaanguka mara mbili tena, na mwamuzi akasimamisha pambano. Miezi sita baadaye, tarehe 7 Desemba, mjini Diriyah nchini Saudi Arabia, Joshua hakukubali kubadilishana naye tena. Alipiga jabu, akazunguka, akamkumbatia Ruiz alipomfikia, akashinda kwa pointi 118-110, 118-110 na 119-109.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unampa mrefu pambano analolijua na kupunguza makonde anayopigwa. Hata hivyo usichukuliwe kuwa dawa ya kila mtu. Ruiz alipanda ulingoni Diriyah akiwa na kilo 128, karibu saba zaidi ya mara ya kwanza, na mtu mzito kiasi hicho hawezi kukata kona kwa kasi. Mbele ya mshambuliaji mwepesi, au kwenye ulingo mdogo, kamba hufika mapema.

Kutoka kwenyewe ni ufundi, na wengi huukosea. Anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka anabaki kwenye njia ile ile ya makonde, tena akiwa na miguu iliyokaribiana na kidevu hewani. Anayetoka vizuri huacha kigasha au kiganja cha glovu begani au shingoni mwa mpinzani, hugeuka juu ya mguu wa mbele, na kupita pembeni huku mkono wa pili ukiwa kwenye taya. Mpinzani akijigeuza kumtafuta, mrefu ameshapata nafasi ya jabu. Hatua moja ya pembeni ina faida kuliko tatu za kurudi nyuma, na bado katika kumbi nyingi vijana warefu hufundishwa kurudi nyuma kwanza.

Wanaosema: mkumbatie

Hapa ndipo kelele ni nyingi, na ndipo panapohitaji uangalifu. Kukumbatia kunakofanya kazi si kumdandia mtu. Mkono mmoja hupita juu ya bega la mpinzani na kushika kisogo chake; mwingine huubana mkono wake kwapani ili asipige mbavu. Kichwa cha mrefu hukaa upande wa mkono uliobanwa. Kisha uzito unaachiwa: mfupi analazimika kubeba kilo zisizo zake mpaka mwamuzi aseme waachane. Jambo hilo likirudiwa mara kadhaa kwa kila raundi, kufikia raundi ya nane mapaja ya mfupi hayana chemchemi tena.

Klitschko aliufikisha mtindo huu kileleni. Alikuwa amepigwa na Corrie Sanders mwaka 2003 na Lamon Brewster mwaka 2004, na wengi waliona kidevu chake hakifai. Chini ya Steward alijifunza kwamba mtu akipita jabu, anashikwa hapo hapo. Akawa bingwa kuanzia Aprili 2006 hadi Novemba 2015. Pambano linalokumbukwa kwa ubaya ni la tarehe 5 Oktoba 2013 mjini Moscow dhidi ya Alexander Povetkin, wa sentimita 188. Povetkin aliangushwa mara nne, na majaji wote watatu waliandika 119-104. Klitschko alimshika na kumlalia usiku mzima. Mwamuzi alimnyang'anya pointi moja tu, tena katika raundi ya 11, kwa kusukuma.

Lennox Lewis alifanya jambo la jamii hiyo dhidi ya Tyson mjini Memphis tarehe 8 Juni 2002. Alimlalia, akamsukuma, akakatwa pointi katika raundi ya nne, na akashinda kwa KO katika ya nane. Tyson Fury, mwenye sentimita 206, alipanda dhidi ya Deontay Wilder tarehe 22 Februari 2020 akiwa na kilo 124, Wilder akiwa na 105. Naye alikatwa pointi, katika raundi ya tano, kwa kushika. Kona ya Wilder ilirusha taulo katika raundi ya saba.

Udhaifu wa kwanza wa njia hii ni kwamba hutegemea uzito. Mapambano haya matatu yanafanana kwa jambo moja ambalo mashabiki hulipita haraka: yote ni ya uzito wa juu, ambako mizani haina kikomo. Anayepanga kumlalia mwenzake anaweza kuongeza kilo kwa makusudi, na Fury alifanya hivyo. Ikija kwenye super welta, wote wawili wamepimwa chini ya kilo 69.8. Ndiyo, baada ya kupimwa watu hunywa na kula wakarudisha kilo kadhaa, na mmoja anaweza kurudisha zaidi ya mwingine. Lakini hakuna atakayemzidi mwenzake kwa kilo 19. Zaidi ya hapo, kwa kilo zile zile, aliye mrefu ndiye mwembamba. Shingo na mapaja yake yana misuli michache kuliko ya mfupi mnene aliye mbele yake. Akijaribu kumlalia, huenda yeye ndiye akasukumwa. Kumwambia Fundora afanye kama Klitschko ni kumwazima silaha asiyo na mwili wa kuibeba.

Klitschko mwenyewe alithibitisha jambo hilo alipokutana na Fury mjini Düsseldorf tarehe 28 Novemba 2015. Uzito wao ulikaribiana mno, na Fury alikuwa mrefu zaidi kwa sentimita 8. Mabega ya kulalia hayakuwepo tena chini ya mikono ya bingwa, na ubingwa wa miaka tisa ukaondoka kwa pointi.

Udhaifu wa pili ni kwamba kukumbatia humtegemea mwamuzi. Katika pambano la pili la Muhammad Ali na Joe Frazier, tarehe 28 Januari 1974, Ali alishika kisogo cha Frazier mara kwa mara bila kuadhibiwa, akashinda kwa pointi. Kocha wa Frazier, Eddie Futch, hakusahau. Kabla ya pambano la Manila la tarehe 1 Oktoba 1975 alishikilia msimamo mkali kuhusu nani atakuwa mwamuzi, na kazi ikaenda kwa Carlos Padilla wa Ufilipino, ambaye hakumpa Ali uhuru wa kushika shingo. Ali alishinda, lakini lilikuwa pambano la mateso ambalo halikufanana hata kidogo na la mwaka uliotangulia. Kati ya hayo mawili, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, wengi wanakumbuka jinsi Ali alivyoegemea kamba na kumwacha George Foreman ajichoshe. Wachache wanakumbuka glovu yake ya kushoto iliyokuwa ikikaa nyuma ya shingo ya Foreman na kuivuta chini kila alipokaribia. Walikuwa karibu urefu sawa. Kilichomsaidia Ali ni kujua mahali pa kuweka mkono.

Udhaifu wa tatu ni mbaya zaidi, kwa sababu haumtegemei mtu mwingine. Bondia anayekumbatia ili asipigwe, bila kuwa na la kufanya akiachiwa, hupoteza kila raundi. James "Bonecrusher" Smith, mwenye sentimita 193, alimkumbatia Mike Tyson kwa raundi 12 mjini Las Vegas tarehe 7 Machi 1987. Mwamuzi Mills Lane alimkata pointi mara mbili, na Smith alishindwa kwa tofauti kubwa. Alifika mwisho akiwa wima, hilo ni kweli. Ila alipoteza mkanda wake bila kuupigania.

Kigasha, bega na kiwiko

Kati ya kukimbia na kukumbatia kuna ufundi usiozungumzwa sana, ingawa ni wa zamani sana. Jack Johnson alipomshinda Tommy Burns mjini Sydney tarehe 26 Desemba 1908, Burns alikuwa na takriban sentimita 170 na Johnson 184. Kila Burns alipojikunja kurusha, Johnson alimwekea mkono juu ya msuli wa mkono wa juu na konde likafia njiani. Hakuhitaji kumshika kwa muda. Alizuia konde lilipoanzia, kisha akapiga yeye, mpaka polisi walipoingilia katika raundi ya 14.

Kanuni ni ile ile leo. Bega la mbele likikaa kifuani kwa mpinzani, hana nafasi ya kuzungusha. Kigasha kikiwekwa kwenye mfupa wa bega au upande wa shingo, kichwa chake hakiwezi kuingia chini ya kidevu cha mrefu. Kiwiko kikiwa kimebana mbavu na nyonga ikigeuka kidogo, ile nafasi ya wazi iliyotajwa mwanzoni hupungua bila mkono wa juu kushuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji uzito mkubwa. Vinahitaji miguu iliyokaa vizuri na macho yanayoona mabega ya mwenzake.

Ken Norton, mwenye sentimita 191, alitumia namna nyingine: mikono iliyopishana mbele, mmoja ukilinda uso na mwingine tumbo. Ilimsaidia kumvunja Ali taya mjini San Diego mwaka 1973. Foreman aliikubali pia katika sehemu ya pili ya maisha yake ya ulingoni, na akiwa na miaka 45, tarehe 5 Novemba 1994, alitwaa tena ubingwa kwa kumpiga Michael Moorer. Kasoro ya mikono iliyopishana ni kwamba humfanya bondia asimame mahali pamoja, na ngumi zake zinachelewa kutoka. Mpigaji mzito anayejua kuisubiri huipasua. Norton alidumu raundi mbili tu mbele ya Foreman kijana mwaka 1974, na Earnie Shavers alimmaliza katika raundi ya kwanza mwaka 1979.

Kuna na suala la sheria. Kusukuma kwa kigasha na kupiga kwa kiwiko ni kosa. Bondia anayeweka vigasha vyake karibu na kichwa cha mpinzani kila mara anatembea ukingoni mwa kosa hata kama hana nia mbaya, na jeraha la Tszyu linaonyesha jinsi ajali moja inavyoweza kubadili usiku mzima.

Wanaobaki kupigana

Wapo warefu wanaoona ukaribu ni wao. Riddick Bowe, wa sentimita 196, aliyekuwa akifundishwa na Futch yule yule, alisimama kifuani kwa Evander Holyfield tarehe 13 Novemba 1992 kwa raundi 12, akapiga apakati na makonde mafupi ya mwili, akamwangusha katika raundi ya 11 na kuchukua ubingwa. Alimzidi Holyfield kwa takriban kilo 14, na jambo hilo lisisahaulike.

Mfano wenye uzito zaidi katika hoja hii ni Sandy Saddler, kwa sababu alipigana kwenye uzani wa unyoya, ambako hakuna wa kumzidi mwenzake kwa kilo 14. Alikuwa mrefu kuliko Willie Pep kwa karibu sentimita 8, na katika mapambano yao manne kati ya 1948 na 1951 alishinda matatu. Hakukaa mbali. Alimshika Pep kwa mkono mmoja akampiga kwa mwingine, akamgeuza, akamkanyaga kila penye nafasi. Pambano la mwisho lilijaa rafu kiasi kwamba tume ya ngumi ya New York iliwaadhibu wote wawili. Si mfano wa adabu, lakini unavunja ile hoja kwamba mkono mrefu haufanyi kazi ndani. Saddler alikunja kiwiko na kupiga kwa nyonga. Urefu wa mkono haukumsumbua.

Gharama ya njia hii inaonekana kwa Diego Corrales. Tarehe 7 Mei 2005 mjini Las Vegas, akiwa mrefu kuliko José Luis Castillo, alikubali kupigana paji kwa paji kwa raundi kumi. Aliangushwa mara mbili katika raundi ya kumi, akainuka, akakatwa pointi kwa kutema kilinda meno, na ndani ya raundi hiyo hiyo akashinda kwa TKO. Ni moja ya mapambano mazuri kuwahi kuonekana. Miezi mitano baadaye Castillo, akiwa amezidi uzani uliokubaliwa, alimpiga kwa KO katika raundi ya nne. Mwili uliolipa deni kubwa Mei haukuwa na akiba Oktoba.

Hatari iko nusu ya umbali

Tukiyaweka mapambano haya pamoja, jambo moja linajirudia ambalo mjadala wa "karibu au mbali" unalificha. Warefu hawaangushwi sana wakiwa wamegusana kifua na mpinzani. Huangushwa wakiwa njiani: wanapoingia, wanapotoka, au wanaposimama pale ambapo mkono wao unabanwa na wa mfupi unafika.

Joshua alipatwa na Ruiz katikati ya kubadilishana makonde, bila kifua kugusana na bila jabu kuwa na nafasi. Fundora alipatwa na Mendoza hapo hapo. Paul Williams, bondia wa sentimita 185 aliyejulikana kwa kurusha makonde mengi karibu, aliingia na mkono wa kushoto mbele ya Sergio Martínez tarehe 20 Novemba 2010 mjini Atlantic City; Martínez akamtangulia kwa kushoto kwake, na Williams akaanguka kifudifudi akiwa hajitambui.

Kwa hiyo swali la kama mrefu akae ndani au nje linatangulia mahali pasipo pake. Kwanza aulizwe anavuka vipi. Anayekaribia huku kigasha kikitangulia kichwa, magoti yamekunjwa, akafika mpaka bega limegusa, amepunguza muda wake katika eneo la hatari. Anayesogea nusu hatua na kusimama wima kutazama konde lake limefanya nini, ameuongeza.

Nani achague nini

Katika uzito wa juu, kukumbatia kunastahili heshima zaidi ya kunavyopewa. Ni kinga inayovumiliwa ndani ya mipaka ya mwamuzi, inachosha mpinzani, na imewapa watu miaka mingi ya ubingwa na vichwa vizima. Masharti ni mawili: awe mzito kweli kuliko mwenzake, na awe na konde la kufuatisha baada ya kutenganishwa. Bila la pili, hadithi ya Smith inajirudia. Na kabla ya pambano, kona lazima ijue mwamuzi ni nani na ana desturi gani, kama Futch alivyojua.

Katika uzani wa kati na wa chini, kukumbatia kubaki kwa dharura: umeyumba, unahitaji sekunde tano, unashika. Kinga ya kila siku huko ni kigasha, bega na kugeuka pembeni, pamoja na makonde mawili au matatu mafupi ili mfupi asipumzike akiwa ndani. Anayetaka kubaki na kupigana kama Corrales anaweza, ila promota na kocha wake wawe wakweli kuhusu idadi ya usiku wa namna hiyo ambao mwili mmoja unaweza kuvumilia.

Kwa ridhaa, hesabu ni tofauti tena. Pambano la raundi tatu halina muda wa kumchosha mtu kwa kumlalia, na pointi moja ya adhabu ambayo Lewis aliimudu kwa urahisi inaweza kumaliza safari ya kijana kwenye mashindano. Hapo kutoka pembeni kunashinda njia nyingine zote, na kigasha kinakuja cha pili.

Kilichobaki ni mpangilio wa mazoezi, na hapa makocha wengi wana deni kwa vijana wao warefu. Kijana mrefu hupewa jabu akiwa na miaka 14 na kuachwa nayo, kwa sababu inashinda. Hakuna anayemweka kwenye kamba mpaka siku atakayewekwa na mtu asiyemhurumia. Njia bora ni kumwanzishia raundi za mazoezi mgongo ukiwa tayari kwenye kamba, mbele yake mtu mfupi na mwenye nguvu, makonde mepesi. Raundi ya kwanza haruhusiwi kushika wala kutoka: atumie vigasha, bega na magoti tu. Ya pili atoke bila kupiga, kwa pembeni, kila upande. Ya tatu apige makonde mawili kisha atoke. Kushika kufundishwe mwisho. Kukifundishwa mwanzo kutameza yale mengine, na kocha hatajua kamwe kama miguu ya kijana wake ilikuwa inaweza kukaa.